Laini ni ya nani? Historia ya simu na biashara kati ya Nakivale na Mbarara

Leo tunaongelea biashara.

Vijana wengi wa hapa siku hizi wanajifunza kompyuta, na ukiwauliza wanataka kufanya nini, jibu ni moja: kutengeneza programu ya simu ya kusaidia wafanyabiashara wa kambini. Wazo ni zuri, hatulipingi. Lakini kabla hatujaanza kutengeneza, tuangalie nyuma kidogo. Simu imekuwa chombo cha biashara hapa Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukiifuata hiyo historia hatua kwa hatua, unaona kwamba faida ilikuwa inahama kila mara, kutoka kwenye kifaa, kwenda kwenye vocha, kwenda kwa ejenti, mpaka ikafika kwenye kitu ambacho wengi wetu hatukukifikiria: jina lililoandikwa kwenye laini. Na hapo ndipo sisi wakimbizi tulipoteza mengi.

Kabla ya simu

Nakivale ni mzee kuliko simu za mkononi. Makazi haya yalianza 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, na wakaaji wake wa kwanza wengi walitoka Rwanda. Miaka hiyo eneo hili lilikuwa chini ya Mbarara. Wilaya ya Isingiro yenyewe imezaliwa 2005 tu. Kwa hiyo tangu mwanzo, soko kubwa la watu wa hapa ni Mbarara. Aliyetaka sabuni, chumvi au vitenge vya kuuza alifunga safari mwenyewe, na pesa ameificha nguoni. Aliyetaka kujua bei ya mahindi mjini alimuuliza dereva wa lori, na dereva alimwambia bei aliyoipenda yeye.

Ndugu zetu Wasomali walipofika walikuja na dawa ya sehemu ya tatizo hilo, yaani hawala. Unampa mtu pesa huku, yeye anampigia ndugu yake kule, na kule pesa inatolewa. Hesabu wataisawazisha wenyewe baadaye. Hakuna pesa iliyosafiri siku hiyo. Kilichosafiri ni neno la mtu. Inafanya kazi kwa sababu mwenye hawala anakujua wewe ni nani, ukoo wako ni upi, na nani atalipa ukitoroka. Hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Simu moja, kijiji kizima

Celtel ilianza Uganda 1995, na MTN ikaingia 1998. Mwanzoni simu ilikuwa kitu cha wakubwa. Mtu wa kijijini hakuwa na uwezo wa kununua kifaa, na sehemu nyingi mtandao haukufika vizuri.

Mwaka 2003 MTN Uganda na shirika la Grameen Foundation walileta mpango wa simu ya kijiji, uliotokana na ule wa Bangladesh. Mtu, mara nyingi mama wa kijijini, alichukua mkopo kwenye taasisi ya mikopo midogo, akapewa simu pamoja na antena ya kuvuta mtandao kutoka mbali, akaanza kuuza dakika kwa majirani. Simu moja ilihudumia kijiji.

Hesabu ya biashara hiyo ni rahisi. Kampuni ilipata wateja ambao wasingeweza kununua simu kabisa. Mama alipata faida kidogo kwa kila dakika. Na mteja alilipa kwa dakika chache alizozihitaji tu. Lakini biashara ile ilikuwa na mwisho ndani yake: simu zilipokuwa rahisi na kila mtu akapata ya kwake, aliyekuwa anauza dakika akabaki na antena. Somo la kwanza ni hilo. Ukiuza kifaa au muda wa kifaa, bei ikishuka wewe umekwisha.

Vocha ikawa pesa

Hapo katikati watu wenyewe waligundua kitu ambacho hakuna kampuni iliyowafundisha. Mtu wa Kampala anataka kumtumia mama yake pesa kijijini. Ananunua kadi ya vocha, anampigia mwenye simu ya kijiji, anamsomea namba za kadi. Mwenye simu anaingiza vocha kwenye simu yake, ataiuza kwa dakika. Halafu anampa yule mama pesa taslimu, amekata kidogo yake. Watafiti wa simu waliopita Uganda miaka hiyo waliiandika hiyo njia na wakaiita kwa neno letu la kila siku, sente.

Yaani huduma ya kutuma pesa kwa simu ilikuwepo kabla ya kampuni kuijenga. Watu walikuwa tayari na shida, na walikuwa tayari na mtu wa kibandani wanayemwamini.

Kenya nako ilikuwa hivyohivyo. M-Pesa tunayoijua leo haikuanza kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Jaribio lake la kwanza, kuanzia Oktoba 2005, lilikuwa la Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa mteja alipe mkopo wake kwa simu bila kusafiri. Wateja wasiofika 500 walipewa huduma hiyo, na kumbe wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kumtumia mke, kumnunulia ndugu vocha, kuweka pesa kabla ya safari ili wasiporwe njiani. Wakubwa wa mradi waliona, wakabadilisha mpango. Mikopo wakaiweka pembeni. Huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, ujumbe ulikuwa mmoja tu, tuma pesa nyumbani.

Kwa wanaotaka kutengeneza programu, tuseme wazi: walioshinda hapo walikuwa wanaangalia mteja anafanya nini, kisha wakatupa mpango wao wa kwanza. Na programu yenyewe ilikuwa menyu ya maandishi tu kwenye laini, isiyohitaji intaneti wala simu kubwa.

Ejenti na mifuko yake miwili

MTN ilileta Mobile Money Uganda Machi 2009. Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ilifuata mwaka huohuo, na UTL ikaja na M-Sente 2010. Ndipo vibanda vya njano na vyekundu vilipoanza kuota kila kona, mpaka huku kwetu.

Wakala, ambaye huku tunamwita ejenti, tunamwona kila siku, lakini wengi hatujui biashara yake inasimama vipi. Ana mifuko miwili. Mmoja ni wa noti, mwingine ni wa pesa iliyo ndani ya simu, ile inayoitwa floti. Ukienda kuweka 50,000 unampa noti, yeye anakutumia floti: noti zinaongezeka, floti inapungua. Ukienda kutoa, inakuwa kinyume. Kampuni inamlipa kamisheni kwa kila muamala. Kwa hiyo anakula kwenye mzunguko, na adui yake ni mfuko mmoja kukauka.

Sasa angalia Nakivale na Mbarara. Kambini, siku watu wamepokea pesa ya mgao au ndugu wa ng'ambo wametuma, kila mtu anataka kutoa. Noti zinakwisha kabla ya saa sita. Mjini, kwenye mtaa wa maduka ya jumla, mambo ni tofauti: wenye maduka wanakuja na mabunda ya noti kuweka, na floti ndiyo inakwisha. Kwa hiyo noti lazima zitoke Mbarara zije kambini, na zinasafiri kwa taxi na boda, kupitia Kabingo, na hatari ya njiani anaibeba ejenti mwenyewe. Hakuna programu iliyoiondoa safari hiyo. Simu iliondoa safari ya mteja, ikampa ejenti.

Lakini faida ilikuwa ya kweli. Mwenye duka wa kambini hakulazimika tena kufunga duka siku nzima kwenda Mbarara. Anapiga simu, anauliza bei kwa maduka matatu, anatuma pesa, mzigo unapakiwa kwenye gari, jioni anaupokea. Mwenye mahindi na maharagwe anajua bei ya mjini kabla mnunuzi hajafika na lori. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokuja hapa na Kyangwali, wakatoa ripoti yao 2014, waliandika kwamba uchumi wa wakimbizi haukufungiwa kambini: umeungana na miji ya Uganda na nchi za nje. Sisi tulikuwa tunajua. Simu ilikuwa sehemu ya kamba iliyofunga huo muungano.

Jina la kuazima

Hapa ndipo historia yetu inaachana na ya Waganda wengine.

Hawala, tulisema, inafanya kazi kwa sababu unajulikana. Pesa ya simu haikujui, inakutambua kwa usajili. Uganda ilianza kusajili laini Machi 2012, kwa nguvu ya sheria ya 2010 kuhusu mawasiliano. Mwanzoni vitambulisho vya aina nyingi vilikubaliwa. Kisha Machi 2017 afisa mkubwa wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi Kampala. Muda mfupi baadaye Tume ya Mawasiliano, UCC, iliamuru kila laini ihakikishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu. Isiyohakikishwa ingefungwa.

Mkimbizi hana Ndaga Muntu. Na hapo kuna kitu cha kushangaza, maana Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Kwa sheria wewe ni mfanyabiashara halali. Kwenye kaunta ya laini wewe si mtu.

Watu wakafanya walichoweza. Jina likaazimwa kwa jirani Mnyankole, kwa mwenye nyumba, kwa rafiki wa boda. Wengine walinunua barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu wasiyemjua kabisa. Laini ikafanya kazi, biashara ikaendelea. Shida inaonekana siku mambo yakiharibika. Simu imeibiwa, unataka laini irudishwe: wanamtaka mwenye jina. Umesahau namba ya siri: mwenye jina. Na mwenye jina amehamia Kampala, au mmegombana, au ameshafariki. Pesa yako ipo ndani, unaijua mpaka shilingi ya mwisho, na huwezi kuigusa.

Halafu kuna hasara nyingine ambayo haikupiga kelele. Agosti 2016 MTN na benki ya CBA walianzisha MoKash, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Hakuna shamba la kuweka rehani, hakuna mdhamini. Mashine inaangalia laini yako imefanya nini siku za nyuma, kisha inaamua ikukopeshe au hapana, na kiasi gani. Kwa mara ya kwanza hapa, rekodi ya matumizi ya simu yenyewe ikawa mali.

Tuseme mama mmoja anauza samaki wakavu na mafuta ya kupikia Base Camp. Kila wiki anatuma 200,000 kwa mwenye duka la jumla Mbarara. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya milioni 10. Hajawahi kuchelewa hata wiki moja. Benki yoyote ingependa mteja wa namna hiyo. Lakini laini ni ya jirani. Kwa mashine, ile milioni 10 ni ya jirani, uaminifu ni wa jirani, na siku mkopo unapatikana, unapatikana kwa jina la jirani. Huyu mama amefanya kazi ya kujenga jina zuri kwa miaka, na jina si lake.

Mlango unafunguliwa nusu

Agosti 2019, baada ya UNHCR na wengine kulisukuma jambo hilo, UCC ilitoa maelekezo kwamba mkimbizi anaweza kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au kwa karatasi ya familia inayotolewa na OPM, ile tunayoiita atestesheni. Hiyo tarehe tuikumbuke. Kwetu ina uzito kuliko kuzinduliwa kwa programu yoyote.

Mwaka 2020 taasisi ya fedha ya UGAFODE ikafungua tawi lake hapahapa Nakivale. Mkimbizi akaweza kufungua akaunti na kuomba mkopo bila kupanda gari kwenda Mbarara. Angalia mpangilio: karatasi kwanza, benki baadaye.

Lakini laini za zamani hazikubadilika zenyewe kwa sababu ya maelekezo. Aliyechukua laini mpya kwa jina lake alianza rekodi kutoka sifuri. Ile ya zamani, yenye miaka yake yote ya kutuma na kupokea, ilibaki pale ilipokuwa. Na anayefika leo, ambaye hajapata karatasi, bado anaanza na jina la kuazima kama sisi zamani.

Mkono ulio juu ya swichi

Kuna jambo moja zaidi ambalo mwenye biashara ya simu lazima alijue. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, UCC iliagiza kampuni zizime mitandao ya kijamii pamoja na pesa ya simu. Siku hizo aliyekuwa na noti alikula, na aliyekuwa na floti alisubiri.

Kisha tarehe 1 Julai 2018 ikaja kodi ya asilimia 1 kwenye pesa ya simu, kuweka, kutuma na kutoa, pamoja na shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu wakarudi kwenye noti. Kelele zikawa kubwa, na kabla mwaka haujaisha kodi ikashushwa mpaka asilimia 0.5, kwenye kutoa peke yake. Ile ya mitandao ilifutwa Julai 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti badala yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hizo namba si za gazeti. Programu inayohitaji intaneti kila saa inamlipisha bando, na ndani ya bando kuna kodi. Menyu ya nyota na reli, ile *165# au *185#, haimwombi bando. Ndiyo sababu mpaka leo, mwenye simu kubwa mfukoni, ukimtazama kibandani, bado anabonyeza nyota na reli.

Kwa ninyi mnaotaka kutengeneza

Tunajua kwa nini jambo hili ni la haraka. Tangu 2023 WFP ilipoanza kuwapanga watu kwa makundi ya uhitaji, wengi mgao wao ulipungua na wengine waliondolewa kabisa. Duka dogo sasa ndilo linalopika chakula cha jioni. Kwa hiyo programu inayomsaidia mwenye duka kweli ni kitu kikubwa, na ile inayompotezea muda inamnyima chakula.

Kutokana na historia hii tunaona maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Moja, inafanya kazi kwenye simu ya tochi? Kama hapana, umeshawaacha wateja wengi wa hapa nje ya mlango.

Mbili, mtandao ukizimwa, mwenye duka atabaki na nini mkononi? Daftari lake la madeni halizimwi na mtu. Programu yako ikimwomba aliache daftari, lazima impe kitu kilicho bora kuliko daftari, hata siku ambayo hakuna mtandao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, rekodi inaandikwa kwa jina la nani, na anaweza kuondoka nayo? Mkimbizi anahama. Leo yuko Nakivale, kesho Mbarara, keshokutwa amepata safari ya kwenda Canada, au amerudi nyumbani. Kama miaka mitano ya mauzo yake imefungwa ndani ya mashine ya kampuni, naye hawezi kuitoa na kumwonyesha mkopeshaji mwingine, basi umemtengenezea jirani mwingine wa kumwazima jina.

Na kwa wasiotengeneza chochote, wanaouza tu: angalia laini yako ya biashara leo. Iko kwa jina la nani? Kama si lako, na karatasi unazo, nenda na mwenye jina kwenye ofisi ya kampuni ya simu Mbarara, mkaulize taratibu za kuihamisha. Nendeni wakati bado mnaelewana, yuko hai na yuko karibu. Kama haiwezekani, chukua laini mpya kwa jina lako na anza kupitisha mauzo humo, hata kama ni 5,000 kwa siku. Rekodi inakua polepole kama mgomba. Mwaka wa kwanza huoni kitu, lakini bora uwe umepandwa kwenye shamba lako.